ARDHI HUTOA DALILI KABLA YA KUPOROMOKA

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri. Yamepangwa upya kidogo ili yasomeke vizuri.)



Ndugu msomaji, kwanza nakushukuru kwa kutenga dakika zako chache katika mwezi huu ambao kila mmoja ana shughuli zake. Mada tuliyonayo si ya kawaida katika kurasa hizi, lakini ni mada ya uhai. Tutazungumza juu ya ardhi tunayoikanyaga: kwa nini wakati mwingine huporomoka kutoka mlimani ikazika vijiji, kwa nini mahali pengine hudidimia ghafla ikaacha shimo, na zaidi ya yote, ni dalili zipi tunazoweza kuziona mapema tukajiokoa sisi na familia zetu.

Pengine wewe uliye Mombasa, Malindi au Garissa utasema, "Aah, hayo ni mambo ya watu wa milimani, yanihusu nini?" Subiri kidogo. Ukifika mwisho utaona kwamba hata wewe wa tambarare una fungu lako.

YALIYOTUPATA

Hebu tukumbushane machache tu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, baada ya mvua kubwa, milima ya Pokot Magharibi iliporomoka katika vijiji vya Nyarkulian, Parua na majirani zao. Zaidi ya watu 40 walifariki, wengi wao wakiwa usingizini. Aprili 2020 ikawa zamu ya Chesogon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 likaja la Chesongoch, Marakwet Mashariki, ambako zaidi ya watu 25 walikufa. Na Chesongoch haikuwa mara ya kwanza. Sehemu ile ile ilikuwa imepoteza watu kwa maporomoko mwaka 2010 na 2012, na mafuriko ya 2020 yakabeba soko lake.

Majirani zetu nao wameonja. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa kwenye Mlima Elgon upande wa Uganda, kijiji cha Nametsi kilifunikwa pamoja na kituo chake cha afya, na zaidi ya watu 300 walihofiwa kufa. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang nchini Tanzania iliyokuwa imelowa maji ilimeguka, ikageuka tope zito, tope likashuka hadi mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80.

Angalia saa, ndugu yangu. Usiku. Alfajiri. Maporomoko hutokea saa yoyote, lakini ya usiku ndiyo huua zaidi kwa sababu watu wamelala na mvua inapiga mabati, hakuna anayesikia kitu kingine.

KWA NINI MLIMA HUPOROMOKA?

Chukua rundo la mchanga mkavu. Litasimama. Limwagie maji kidogo, litashikana hata vizuri zaidi. Endelea kumwaga, ghafla litamwagika lote. Hiyo ndiyo siri yote ya mlima.

Udongo ulio kwenye mteremko kila siku unavutwa chini na uzito wake. Kinachouzuia ni msuguano: chembe kwa chembe, na udongo kwa mwamba ulio chini yake. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji huingia kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya chembe hizo. Hapo hufanya mambo mawili. La kwanza, huongeza uzito, maana mita moja ya ujazo wa maji ni tani nzima. La pili, na ndilo baya zaidi, maji yakijaa yakakosa pa kutokea husukuma chembe ziachane. Msuguano unapungua huku mzigo ukiongezeka. Ikifika siku mzigo ukashinda, mlima unashuka.

Ndiyo maana hatari kubwa mara nyingi si mvua ya kwanza ya msimu. Ni ile mvua kubwa inayokuja wakati ardhi imeshashiba maji ya wiki nzima.

Sasa, mvua ni kichocheo, lakini kuna mambo ambayo sisi wenyewe huyaongeza:

1. Kukata mguu wa mlima. Mtu anataka kiwanja cha nyumba au barabara, anachimba mteremko upande wa chini ili apate sehemu bapa. Kumbe ule udongo wa chini ndio uliokuwa umebeba wa juu. Huko Bududa, kuchonga mteremko namna hii kwa ajili ya nyumba ni mojawapo ya sababu ambazo wataalamu wamezitaja.

2. Kukata miti. Mizizi hushona udongo kama uzi. Mahindi na ndizi hazina mizizi ya kushika chini. Lakini tusidanganyane: mti nao una mpaka wake. Udongo ukikatika kwa kina kirefu kupita mizizi, huondoka na miti yake yote.

3. Kuziba njia ya maji. Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji ya mvua yalikusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati iliyokuwa ikiyapitisha kuzibwa na takataka na magogo. Tuta lilipozidiwa maji yalipasuka usiku, yakabeba mawe, matope na nyumba. Zaidi ya watu 50 walikufa.

4. Maji ya nyumbani. Bomba linalovuja, tangi la maji taka, maji ya paa yanayomwagwa sehemu moja juu ya mteremko. Kidogo kidogo, kila siku, ardhi inakunywa.

5. Milima ya takataka. Hii husahauliwa. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuzika nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walikufa. Takataka zikirundikwa juu juu bila mpango huwa mlima, na hufuata sheria ile ile ya mlima.

NA TAMBARARE JE?

Sasa nimekufikia wewe wa Pwani. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa bahari imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani jiwe la chokaa. Jiwe hili huyeyuka, polepole sana. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hupenya kwenye nyufa za jiwe na kulila kwa maelfu ya miaka, hadi kunatokea mapango chini kwa chini. Shimoni, Kwale, haikuitwa Shimoni bure: mapango yake ni kazi ya maji kwenye jiwe hilo hilo.

Pango likiwa chini na udongo juu yake, juu huonekana salama tu. Watoto wanacheza mpira, mtu anajenga duka. Lakini udongo hudondoka chini polepole kama mchanga wa kwenye chujio, na paa la pango huwa jembamba siku hadi siku. Likikosa nguvu, linaanguka. Hilo ndilo shimo la kudidimia.

Mawe ya chokaa si peke yake. Mahali penye majivu ya volkano pia hudidimia, maana majivu ni mepesi na hubebwa na maji kwa urahisi. Mwezi Machi 2018 karibu na Suswa, kwenye Bonde la Ufa, mvua kubwa ilifungua mpasuko mrefu uliokata hata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya dunia yakaandika ati Afrika inagawanyika mara mbili. Wataalamu wengi walieleza jambo la karibu zaidi: kulikuwa na ufa wa zamani uliojaa majivu, na maji ya mvua yaliyokuwa yakipita chini yakayabeba hadi juu pakabomoka. Ndugu zetu wa Nakuru, ambao mji wao uko juu ya udongo wa namna hiyo na mipasuko ya Bonde, wanalijua jambo hili vizuri.

Mkono wa binadamu uko hapa pia. Mjini Guatemala, mwaka 2010, shimo lenye upana wa mita kama 20 na kina cha makumi ya mita lilimeza jengo la ghorofa tatu katikati ya mtaa. Mji ule umekaa juu ya majivu ya volkano. Ilikuja dhoruba kubwa, na mabomba ya chini yanayovuja yalihusishwa na jambo hilo. Kule Afrika Kusini, katika mgodi wa dhahabu wa West Driefontein, maji ya chini ya ardhi yalikuwa yakivutwa kwa pampu ili wachimbaji wafanye kazi pakavu. Mapango yaliyokuwa yamejaa maji yakabaki matupu, hayana wa kuyashikilia. Desemba 1962 ardhi ilifunguka ikameza mtambo wa kusaga mawe na watu 29. Funzo ni hili: maji yanayozidi huangusha ardhi, na maji yanayoondolewa ghafla huiangusha pia. Basi tunapochimba visima virefu kila ploti na kuvuta maji bila kipimo, tujue tunagusa nini.

DALILI ZA MLIMANI

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mteremko methali hii ina nyongeza: kuna ufa usiozibika kwa saruji, dawa yake ni kuhama. Dalili zenyewe ni hizi:

* Nyufa mpya ardhini, hasa zilizopinda kama mwezi mwandamo upande wa juu wa shamba au nyumba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo udongo umeanza kuachana na mlima.
* Miti, nguzo za umeme au ua wa shamba kuinama upande mmoja, hali ilikuwa imesimama wima.
* Milango na madirisha kukwama ghafla, na kuta au sakafu kupasuka bila sababu.
* Chemchemi mpya kutokea pasipokuwa na maji, au ile ya siku zote kukauka au kutoa maji ya tope.
* Chini ya mteremko ardhi kuvimba kama tumbo.
* Mto kupungua ghafla huku mvua ikinyesha. Hii ni dalili mbaya sana. Maji hayajaisha, yamezibwa mahali huko juu, na yatakuja yote kwa pamoja.
* Sauti: miti kukatika, mawe kugongana, mngurumo kama wa lori linalokuja na haliishi kuja.

Dalili za mwanzo hukupa siku au wiki. Mbili za mwisho hukupa dakika tu. Na kuna maporomoko ambayo hayatoi dalili yoyote utakayoiona, hasa usiku, kwa hiyo kama unaishi chini ya mteremko mkali na mvua haijakatika, mvua yenyewe ndiyo dalili.

DALILI ZA TAMBARARE

* Kibonyo cha mviringo kinachotokea uwanjani na kuongezeka kila mvua ikinyesha.
* Maji ya mvua kukusanyika mahali kisha kutoweka ghafla kama yaliyofunguliwa kizibo.
* Majani na mimea kunyauka kwa umbo la duara, kwa sababu maji yake yanakimbilia chini.
* Nyufa kwenye pembe za milango, sakafu kulia kama tupu ukiikanyaga.
* Maji ya kisima kubadilika yakawa na tope bila sababu.
* Shimo dogo linalojazwa mchanga leo, kesho mchanga haupo.

Ukiona shimo limefunguka, wazungushie watu kamba mbali na ukingo, maana ukingo wa shimo ni mwembamba kuliko unavyoonekana. Kisha toa habari kwa chifu au ofisi ya kaunti. Na tafadhali, usilifanye jaa la taka. Katika jiwe la matumbawe, kinachotupwa shimoni leo kinaweza kuingia kisimani kwa jirani, maana maji hupita kwenye mapango bila kuchujwa.

NINI KIFANYIKE?

Sitaki mada iishe kwa kusema "serikali ifanye". Serikali ina wajibu wake wa ramani, makalvati na kuwapa watu mahali pa kuhamia. Sisi vijana tuna kazi zinazowezekana hata wiki hii.

Kwanza, upimeni ufa. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa futi kamba na uandike tarehe. Pima tena kila siku wakati wa mvua. Umbali ukiongezeka, ardhi inatembea. Hapo huhitaji digrii.

Pili, chimbeni na zibueni mitaro kabla ya msimu. Yapelekeni maji ya paa na ya barabara mbali na mteremko. Kalvati moja iliyozibuliwa kwa Jumamosi moja yaweza kuwa na thamani kuliko mahema mia ya msaada.

Tatu, wekeni zamu. Katika masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, vijana wawili wawili wakeshe wakati mvua kubwa haikatiki, na wawe na kitu cha kupiga kengele: filimbi, debe, kipaza sauti cha msikiti. Ramadhan huzunguka misimu yote, na katika miaka inayoangukia mvua, saa ya daku ndiyo saa ambayo taa ziko wazi na watu wako macho. Itumieni saa hiyo kusikiliza mlima na kuangalia mto, na kumgongea jirani ambaye hafungi.

Nne, jueni njia ya kukimbilia. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini, tope litakushinda mbio. Kimbia kwa ubavu, utoke kwenye njia yake, upande mahali palipoinuka. Usivuke daraja wakati mto umejaa tope. Ukishindwa kabisa kukimbia, jikunje na ukinge kichwa kwa mikono.

Tano, na hili lisikieni vizuri, kwa sababu vijana ndio hukimbilia kuokoa. Tarehe 22 Julai 2024 huko Gofa, kusini mwa Ethiopia, watu walikwenda kufukua majirani waliofunikwa na poromoko la kwanza. La pili likawafunika waokoaji. Zaidi ya watu 200 walikufa. Nia ilikuwa njema kabisa. Kwa hiyo kabla hamjaanza kuchimba, mmoja wenu asimame mahali salama akiangalia juu, na mara tu akipuliza filimbi, wote mtoke. Pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

SUALA LA KUHAMA

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo gumu. Baada ya 2010 baadhi ya familia za Bududa zilihamishiwa Kiryandongo, mbali kabisa na Elgon. Wengine walirudi. Tusiwacheke. Mlima una rutuba, una maji, una makaburi ya wazee wao. Mtu haachi shamba la urithi kwa sababu mgeni kutoka mjini amemwambia ni hatari, na mara nyingi hana shamba lingine.

Lakini kuna kuhama kwa miaka, na kuna kuhama kwa usiku mmoja. Hata asiyeweza la kwanza anaweza la pili. Mvua ikizidi, watoto, wagonjwa na wazee walale kwa jamaa aliye mahali salama, au shuleni, au msikitini. Asubuhi mkirudi mkakuta nyumba iko sawa, hakuna kilichopotea isipokuwa usingizi.

Hapo ndipo utakutana na babu au mjomba atakayekwambia, "Kama siku yangu haijafika sifi, na kama imefika hata nikihama nitakufa." Usimjibu kwa ukali, ni mzee wako. Mkumbushe kwa upole kwamba yeye mwenyewe akivuka barabara na kuona lori, huvuta hatua. Hangoji lori limthibitishie kama siku imefika. Mlima uliopasuka ni lori hilo. Akiendelea kukataa, mwambie unawachukua wajukuu na mablanketi, na umwachie nafasi yake ya kulala huko mwendako. Wazee wengi wakiona wajukuu wametoka, nao hufuata.

Basi ndugu msomaji, ukiweka gazeti hili chini, fanya jambo moja tu. Toka nje, zunguka nyumba yako na ya jirani yako, angalia kuta, angalia ardhi, angalia maji yanaelekea wapi. Ukiona ufa, weka vigingi. Ukiona kalvati imeziba, waite wenzako mje na majembe baada ya Alasiri, kabla jua halijawachosha wala futari haijawa tayari.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atuhifadhi sisi na majirani zetu wote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.